Kuiweka sawa bunduki kabla ya kuingia porini: mwongozo kwa mwindaji mpya

Julai ikikaribia maswali huwa yale yale. Niirekebishe kwa mita ngapi? Mbona juzi ilipiga katikati na leo inapiga pembeni? Nyati apigwe wapi? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu stendi ya Manyoni basi likiwa linapiga honi, na nimeyajibu kambini usiku mtu akiwa tayari ameshamjeruhi mnyama. Huo wa mwisho ndio wakati mbaya kuliko yote wa kuyajibu. Kwa hiyo nayaandika hapa yote, uyasome ukiwa bado nyumbani.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye leseni ya bunduki na kibali cha kuwinda, anayekwenda na askari wa wanyamapori kwenye kitalu cha uwindaji alichoruhusiwa, iwe Kizigo, Muhesi, Rungwa au kwingineko kanda hii ya kati. Kama karatasi hizo huna, anza nazo. Na kama mnyama wako ni nyati, simba au tembo, kanuni zinataka kaliba (upana wa mtutu, kwa inchi) isiyopungua .375. Kwa kongoni, tandala, pundamilia na swala, .30-06 au .308 inatosha kabisa. Usishawishike kununua .458 kwa sababu ni kubwa. Mtu anayeiogopa bunduki yake hufumba macho kabla haijalia, na risasi kubwa iliyoingia tumboni haina faida kuliko ndogo iliyoingia moyoni.

Jambo moja nilitangulize. Risasi inayomwangusha mnyama ni ya kwanza. Hiyo inatoka kwenye mtutu wa baridi, umesimama, umetembea saa tatu, mbung'o wanakuuma shingoni na moyo unadunda. Matundu mazuri uliyotoboa ukiwa umekaa mezani yanakuambia bunduki inaweza nini. Hayakuambii wewe unaweza nini. Kazi yote hapa chini inaelekea kwenye risasi hiyo moja.

Vitu vya kuandaa

- Risasi boksi mbili, aina moja, uzito mmoja, na namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi iwe moja. Ukichanganya aina umeanza upya.
- Alenki (ufunguo wa pembe sita) au bisibisi inayoingia barabara kwenye skrubu za darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki. Iliyolegea itakula vichwa vya skrubu.
- Mifuko miwili ya mchanga. Kata miguu ya jinzi kuukuu, jaza mchanga mkavu robo tatu, shona.
- Karatasi nyeupe kubwa, kalamu ya wino mzito, futi kamba.
- Vijiti vitatu vya kuegemezea bunduki, vimefungwa pamoja juu kwa mpira wa tairi la baiskeli. Vifike kidevuni mwako vikiwa vimesimama.
- Vifuniko vya masikio na miwani. Usiseme utavumilia.
- Fimbo ya kusafishia mtutu, vitambaa vya pamba, mafuta kidogo.
- Rangi ya kucha, yoyote. Nitaeleza.
- Daftari.
- Mtu wa pili wa kukuangalia wewe, si shabaha.

Hatua kwa hatua

1. Toa risasi, kisha kaza kila kitu. Fungua bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), angalia chemba, yaani tundu inamokaa risasi, kwa jicho na kwa kidole. Halafu kaza skrubu za kitako, skrubu za vikalio vya darubini, na skrubu za pete zinazoishika. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za gurudumu. Ukimaliza, piga mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kilicho pembeni yake. Skrubu ikilegea hata nywele moja, mstari utakatika na utauona.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Mwaka fulani nilitoka Manyoni kwenda Rungwa, bunduki imelala nyuma ya gari, barabara ya vumbi yenye mawimbi ikitutikisa mchana kutwa. Asubuhi yake tulimpata pofu dume, yule swala mkubwa, mita kama 80, amesimama ubavu. Nilikuwa kwenye vijiti, nikabonyeza triga taratibu nikiwa na hakika kabisa. Risasi ilimwingia tumboni. Tulimfuata siku mbili, na tulipompata fisi walikuwa wamefika kabla yetu. Usiku ule nilishika skrubu ya pete ya mbele na ikazunguka kwa vidole viwili. Mnyama yule aliteseka kwa sababu ya kazi ya dakika tano ambayo sikuifanya.

2. Kausha mtutu. Pitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke bila mafuta. Risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta mara nyingi huenda peke yake, mbali na wenzake. Ndiyo maana nikishasafisha bunduki nyumbani, sitoki kuwinda kabla sijapiga moja au mbili za kuuchafua mtutu kidogo.

3. Chagua mahali na saa. Piga kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika, au ndani ya kitalu kwa ruhusa ya askari uliye naye. Nyuma ya shabaha pawe na tuta refu la udongo au ubavu wa mlima. Kichaka si kizuizi, na mbuyu si kizuizi, maana huoni aliye nyuma yake. Nenda saa moja asubuhi. Anayeishi Dodoma anajua upepo wetu wa kiangazi: ikifika saa nne unavuta mabati, na joto linalopanda ardhini linafanya karatasi ionekane inacheza kwenye darubini. Ukirekebisha darubini saa nane mchana utakuwa unarekebisha upepo.

4. Tazama ndani ya mtutu. Toa bolti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, weka shabaha mita 25. Chungulia kwa nyuma ya mtutu mpaka alama ya katikati ionekane katikati ya tundu. Bila kuisogeza bunduki, zungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba unaouona ndani yake nao ukae kwenye alama hiyo. Umeokoa risasi tano au sita.

5. Piga moja kwa mita 25. Moja tu, kwa utulivu. Pima ilipotua. Hapa hesabu ndiyo inayowapoteza wengi. Kwenye darubini nyingi mlio mmoja wa kifundo (ule "tik" unaousikia ukikizungusha) unasogeza risasi karibu milimita 7 kwa mita 100. Kwa mita 25 ni robo ya hapo, kama milimita 2 hivi. Basi risasi ikitua sentimita 6 kushoto kwenye mita 25, unahitaji milio kama 33 kwenda kulia. Mgeni huzungusha milio 8, anaona haikufika, anadhani darubini mbovu. Darubini nyingine, hasa za Ulaya, husogeza sentimita 1 kwa mita 100, na hizo zingehitaji milio 24. Imeandikwa juu ya kifundo, soma. Piga tena moja kuhakikisha, iwe kwenye alama au sentimita 1 chini yake, kisha sogea.

6. Piga tatu kwa mita 100. Egemeza mti wa mbele wa bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Mtutu wenyewe usiguse kitu. Vuta pumzi, toa nusu, bonyeza triga polepole kiasi kwamba mlio ukustue kidogo. Kati ya risasi na risasi hesabu dakika mbili, bolti ikiwa wazi ili mtutu upumue. Usirekebishe kitu mpaka zote tatu zimetoka. Tundu moja haliwezi kukuambia lolote. Chukua katikati ya matundu matatu, hapo ndipo bunduki inapopiga. Kama katikati hiyo iko sentimita 7 chini, panda milio 10.

Matundu matatu yakikaa ndani ya sentimita 5, acha kuhangaika. Moyo na mapafu ya swala pala ni kama sahani ndogo, ya nyati ni kama sinia. Nimeona watu wakimaliza boksi nzima wakitafuta matundu yanayogusana, mabega yakawa yamevimba, na siku ya kuwinda wakawa wanaikwepa bunduki yao wenyewe.

7. Amua ipige juu kiasi gani. Kwa .375 yenye kichwa cha greni 300 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), nashauri ipige pale pale kwa mita 100. Nyati wa vichaka vya Itigi hutampiga mbali zaidi ya hapo, na mara nyingi itakuwa mita 40. Kwa mita 150 itakuwa imeshuka kama sentimita 5, kwa 200 kama 16. Kwa .30-06 ya greni 180, iweke sentimita 5 juu kwa mita 100. Itarudi kwenye alama karibu na mita 185, na kwa 250 itakuwa chini kama 17. Hizi ni takriban. Mtutu wako una tabia yake, kwa hiyo piga mbili kwa mita 200 na uandike kwenye daftari ulichokiona.

8. Acha ipoe kabisa, kisha piga moja. Iweke kivulini saa nzima. Kunywa chai. Rudi, piga risasi moja kwa mita 100, chora duara kwenye tundu na uandike "baridi". Kesho asubuhi fanya hivyo hivyo, karatasi ile ile. Kesho kutwa tena. Matundu hayo matatu ya siku tatu ndiyo picha ya kweli ya bunduki yako. Ukiniletea karatasi, niletee hiyo.

9. Ondoka mezani. Hapa ndipo wengi huishia, na hapa ndipo kazi inaanza. Simama kwenye vijiti vitatu. Mguu mmoja wa vijiti uelekee shabaha, miwili ije kwako. Mkono wa kushoto ushike bunduki na vijiti kwa pamoja, kiwiko cha kulia kibane ubavuni. Kama mwenzako yupo, asimame upande wako wa kulia akupe bega la kuegemeza kiwiko hicho. Utashangaa msalaba unavyotulia. Fanya mara 50 bila risasi sebuleni (chemba umeikagua, risasi ziko chumba kingine), kisha 10 kwa risasi mita 80. Halafu kimbia mita 50, fika, weka vijiti, piga ndani ya sekunde 10. Umbali ambao bado unaweka risasi ndani ya sahani ukiwa unahema, huo ndio mwisho wako. Kwa wengi ni mita 100 au 120. Usimpige mnyama mbele ya hapo hata mwindaji bingwa anayekuongoza akikuambia unaweza.

10. Ukifika kambini, piga tena moja. Kabla hujaenda popote. Omba ruhusa, weka boksi tupu kwa mita 100, piga. Angalia mistari ya rangi ya kucha. Wenye kambi makini watakutaka ufanye hivyo bila wewe kuomba.

Ukiwa porini

Bunduki ibaki bila risasi chembani ndani ya gari. Kumpiga mnyama kutoka kwenye gari ni kosa kisheria, na kuwinda usiku kwa taa vile vile. Funika mdomo wa mtutu kwa kipande cha utepe wa gundi. Udongo ukiingia mle na ukapiga, mtutu unaweza kupasuka. Utepe wenyewe hauna shida, risasi hupita nao. Bolti ipake mafuta kidogo sana, kwa sababu vumbi letu jekundu likikutana na mafuta mengi linakuwa tope, na tope hilo litakukwamisha saa usiyoitaka. Risasi zisikae kwenye dashibodi juani: baruti ikipata moto presha inapanda na ganda linaweza kung'ang'ania chembani.

Kwa upepo, beba kisoksi cha mtoto chenye majivu laini. Kigonge kwa kidole, utaona moshi wake unaelekea wapi. Matreka, yaani wafuata nyayo, wanakigonga kila hatua chache, hasa wale vijana wa Kisandawe wa upande wa wilaya ya Chemba ambao wamekua wakifuata nyayo. Ukienda nao, fuata mgongo wa treka na usimsemeshe. Upepo huo huo unasukuma risasi pia: ukivuma ubavuni kiasi cha kutikisa matawi madogo, .30-06 kwa mita 200 itasogea karibu sentimita 15.

Sasa swali kubwa, apigwe wapi. Wanyama wetu moyo wao umekaa mbele na chini kuliko watu wanavyodhani. Mnyama akisimama ubavu, usilenge "nyuma ya bega." Fuata mguu wa mbele kwa macho, panda nao mpaka theluthi ya kwanza ya mwili kutoka chini, lenga hapo. Pundamilia amekuwekea alama mwenyewe, pale michirizi ya bega inapokutana kama pembetatu. Akisimama mshazari akiwa amekupa nyuma kidogo, usihesabu bega la huku, waza mguu wa mbele wa upande ule mwingine, na risasi ielekee huko. Nyati anayekutazama uso kwa uso, subiri ageuke. Mwache aende kama hakugeuka. Mnyama aliyekupa mgongo usimpige kabisa, ila awe tayari ana jeraha.

Kwa nyati, risasi ya kwanza iwe softi (yenye ncha laini inayopanuka), zinazofuata solidi (ngumu, isiyopanuka). Lakini kundi likiwa limejaa usianze na solidi hata kidogo: inapita mwili mzima na kumjeruhi aliye nyuma, na sasa una nyati wawili wenye maumivu ndani ya kichaka kimoja.

Ukishapiga, jaza tena papo hapo, jicho likiwa bado kwenye mnyama. Hapa ndipo wageni wanapokosea zaidi: wanashusha bunduki wakatazame. Kama bado amesimama na yuko wazi, piga tena. Mpaka aanguke, usihesabu kwamba amekufa. Akikimbia, mtazame anavyokimbia. Aliyeruka akirusha miguu ya nyuma mara nyingi amepata moyoni. Aliyekunja mgongo na kuondoka polepole amepata tumboni. Kabla hujasogea, chagua mti ulio karibu na pale aliposimama na uukariri. Ukifika pale miti yote itafanana. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, nyeusi nyeusi ni ya ini, yenye majani na harufu ni ya tumbo. Ya mapafu ngoja nusu saa. Ya tumbo ngoja zaidi, ukimfukuza mapema ataenda kilomita nyingi.

Nyati aliyejeruhiwa usimwingilie kichakani peke yako. Mwindaji bingwa na askari ndio wanaoamua nani atangulie. Sheria inakutaka umfuatilie mnyama uliyemjeruhi, na akipotea utoe taarifa. Mkimkuta amelala, mkaribieni kwa nyuma, mguseni jicho kwa kijiti kirefu. Jicho likipepesa, risasi nyingine.

Likitokea tatizo

*Matundu yametawanyika ovyo.* Anza na skrubu za darubini, kisha za kitako. Kisha badilisha mpigaji. Kama mwenzako anapata matundu mazuri kwa bunduki hiyo hiyo, shida unaijua iko wapi. Mwambie akujazie yeye bunduki, mara nyingine aiweke tupu bila kukuambia. Ikiwa tupu na mtutu ukazama unapobonyeza triga, unashtuka kabla ya mlio. Rudi kwenye mazoezi bila risasi, siku tatu nne.

*Matundu mazuri, ila kila siku yanahama.* Umebadilisha aina ya risasi? Pete zimelegea? Kama kitako ni cha mti, masika kinavimba na kiangazi kinakauka. Pitisha karatasi kati ya mtutu na mti, kuanzia mdomoni kurudi nyuma. Karatasi ikikwama kabla ya kufika karibu na chemba mahali ambapo zamani haikukwama, mti unasukuma mtutu. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye kibali.

*Tundu la pili na la tatu linapanda juu.* Mtutu umepata moto. Subiri zaidi.

*Inapiga juu kuliko kawaida porini.* Uliegemeza mtutu au mti wake juu ya jiwe au tawi gumu. Weka kofia au kiganja katikati.

*Unazungusha kifundo na risasi haisogei.* Zungusha milio 20 juu, piga. 20 chini, piga. Isiporudi pale ilipoanza, darubini imeharibika ndani. Usiende nayo.

*Darubini ina kivuli cheusi pembeni, au imekuchana nyusi.* Jicho liko mahali pabaya. Legeza pete, isogeze mpaka picha ijae ukiwa na sentimita 9 hivi kutoka jichoni, na uipime ukiwa umesimama na umevaa koti la kuwindia.

*Bolti imekuwa nzito kufungua.* Acha kupiga. Weka risasi kivulini, kagua maganda. Yakiwa na alama zisizo za kawaida kwenye kitako chake, boksi hilo usilitumie tena.

*Umebonyeza, haikulia.* Usifungue bolti. Mtutu ubaki umeelekea tutani, hesabu mpaka 60, kisha fungua ukiwa umegeuza uso pembeni, na risasi hiyo iweke peke yake mbali na nyingine.